Kovu linalokunja mkono si suala la urembo

Hebu kunja mkono wa kushoto wa shati lako uangalie kigasha, chini kidogo ya kiwiko. Ikiwa ulizaliwa humu nchini na mama yako akakupeleka kliniki ungali mchanga, yamkini utaona kidoa cha mviringo ambacho hakina kinyweleo hata kimoja. Hilo ni kovu la chanjo ya kifua kikuu. Kwa wengi wetu kidoa hicho kimelala tuli tangu utotoni, nacho hatukikumbuki ila tunapoulizwa. Lakini wapo watu ambao kidoa chao kilifura, kikawa kigumu kama kifundo cha kamba, na kinawawasha hadi leo. Sindano ilikuwa moja na dawa ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni ngozi.

Nimeanza na kovu hilo dogo ili tupate pa kusimama kabla ya kuyafikia yale makubwa. Ukienda Kitui au Makueni siku ya soko, iwe ni Mutomo, Wote au Kibwezi, hutakosa kumwona kijana aliyevaa mikono mirefu katika jua kali la adhuhuri, au mama ambaye vidole vyake viwili vimeshikana na kuwa kimoja. Watu husema kwa upole kwamba aliungua akiwa mtoto, kisha mazungumzo huhamia kwa bei ya ndengu. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo tunapokosea. Tumelichukulia kovu kuwa mwisho wa hadithi ya jeraha, ilhali kwa wengi ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Kwanza tuelewe kovu ni nini. Ngozi yako ina tabaka la juu, jembamba, na tabaka la ndani ambalo ni nene na lenye nguvu. Ukikwaruzwa na mwiba wa mgunga na tabaka la juu peke yake likaguswa, ngozi hujirudishia hali yake na baada ya siku chache huwezi kuonyesha mahali ulipokwaruzwa. Jeraha likifika ndani mambo hubadilika. Mwili huwa na haraka ya kuziba mlango kabla viini vya maradhi havijaingia, kwa hivyo haungoji kufuma kitambaa kile kile cha awali. Hutia kiraka. Kiraka hicho hutengenezwa kwa nyuzi ngumu zinazoitwa kolajeni, ambazo zimelazwa upande mmoja badala ya kupishana vizuri kama zilivyo katika ngozi nzima. Hakina vinyweleo wala matundu ya jasho, ndiyo maana mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili huteseka sana wakati wa joto. Hata kikikomaa, nguvu yake haifiki ile ya ngozi ya awali. Madaktari huikadiria kuwa asilimia 80 hivi.

Kiraka hiki pia hakikamiliki siku ambayo kidonda kinafunga. Mwili huendelea kukipanga na kukipangua kwa mwaka mmoja, pengine miaka miwili. Kovu la miezi mitatu ambalo ni gumu, linawasha na limekuwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka huenda likalainika lenyewe. Basi usikimbilie kulihukumu mapema, wala usitoe pesa zako kwa mtu anayekuahidi kwamba litatoweka kwa wiki mbili. Hakuna tiba inayofuta kovu kabisa. Kuna tiba zinazolilainisha, zinazolilegeza, zinazolipunguza na zinazolizuia lisikue, na hizo si haba.

Sasa twende jikoni. Muthokoi, chakula ambacho Mkamba hawezi kukikosa nyumbani, huhitaji saa kadhaa motoni. Sufuria hukaa juu ya mafiga matatu, usawa wa kifua cha mtoto anayejifunza kutembea. Mama ametoka kidogo kuita mbuzi. Tuseme ni mtoto wa miaka miwili, huko Zombe au Kyuso. Anashika ukingo wa sufuria ili asimame, nao mchuzi unaochemka unammwagikia kiganjani na mkononi. Kuna pia taa ya koroboi inayoangushwa usiku, uji unaobebwa na mtoto mkubwa, na makaa yaliyofunikwa kwa jivu ambayo hayaonekani kuwa na moto hadi yakanyagwe. Aghalabu wanaoumia ni watoto chini ya miaka mitano.

Kinachofanywa katika nusu saa ya kwanza ndicho kinachoamua kwa sehemu kubwa kovu litakuwaje. Dawa bora ni maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, yamiminwe juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado yana faida. Najua msomaji kutoka Ukambani atacheka hapo. Dakika 20 za maji, mahali ambapo mtungi wa lita 20 umebebwa kwa punda kutoka kwa shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu? Ndiyo, ndugu yangu, hata hapo. Mimina kwa kikombe, polepole. Maji yakiwa haba kabisa, lowesha kitambaa safi, kilaze juu ya jeraha na ukibadilishe kila kinapopata joto. Mfunike mtoto sehemu nyingine za mwili asipatwe na baridi. Mvue bangili au pete kabla mkono haujafura. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kikavu na uende hospitali. Usipake unga, yai, dawa ya meno, jivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo hukwama ndani ya jeraha, huleta usaha, na kila siku ya usaha huongeza unene wa kovu.

Kidonda cha moto kilichofunga ndani ya wiki mbili kwa kawaida hakiachi kovu baya. Kikipitisha wiki tatu bila kufunga, tarajia kovu nene. Ndiyo maana madaktari hupendelea kukata kipande chembamba cha ngozi kutoka pajani na kukipandikiza mapema, badala ya kungoja kidonda kijifunge chenyewe miezi miwili. Wazazi wengi hukataa upasuaji huo. Wanaona ni ukatili kumjeruhi mtoto paja ambalo halikuungua. Lakini mahali palipotolewa ngozi hupona kwa wiki mbili hivi, ilhali mkono ulioachwa ujifunge wenyewe waweza kumsumbua mtoto maisha yake yote.

Sababu ni hii. Kovu changa hujikunyata. Likiwa mgongoni, kujikunyata kwake hakudhuru sana. Likipita juu ya kiungo, kama vile kiwiko, kwapa, shingo, goti au kiganja, huvuta kama uzi wa kiroba. Vidole hukunjwa, kidevu huteremshwa hadi kifuani, mkono hushikana na ubavu. Mtoto mwenyewe husaidia kujiharibu bila kujua, maana mkono ulioungua hauumi sana ukikunjwa, kwa hivyo huukunja. Mama kwa huruma humwacha. Kila wiki inayopita kovu hukaza, na mtoto anapozidi kukua mifupa hurefuka lakini kovu halirefuki. Anapofika umri wa kuanza shule hawezi kushika kalamu.

Haya yote yanaweza kuzuiwa kwa ubao wa plasta ulioukunjua mkono na kufungwa usiku, pamoja na mazoezi ya kila siku yanayosimamiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Ni kazi ya miezi, tena ni kazi ya kuchosha na kuliza, lakini gharama yake ni ndogo ukilinganisha na upasuaji. Kidonda kikishafunga, kovu likandwe kwa mafuta ya kawaida mara tatu au nne kwa siku, kwa nguvu ya kutosha hadi lipauke chini ya kidole. Likiwa tayari limekunja kiungo, daktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo hulikata kwa mkato wa pembepembe unaofanana na herufi Z, ambao huongeza urefu wa ngozi, au hulifungua na kupandikiza ngozi mpya. Tiba hiyo ipo, na hata kovu la miaka kumi laweza kufunguliwa, ingawa viungo vilivyokakamaa muda mrefu havirudi vyote.

Hapa nina neno na wale wanaosema kwamba tiba ya makovu ni anasa ya matajiri. Msomaji anajua ndege za madaktari wa Amref. Shirika hilo lilianzishwa mwaka wa 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha umbo, yaani watu wa makovu, nyuso zilizopasuka na mikono iliyokunjwa na moto. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, ndiye aliyewatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, katika mji mdogo wa East Grinstead huko Uingereza. Hakuishia kuwapandikizia ngozi. Aliwapeleka mjini, akawaomba wenyeji wawakaribishe katika mabaa na majumba yao bila kuwakodolea macho, na mwaka wa 1941 wagonjwa hao wakaunda chama chao. Alijua kwamba mtu mwenye uso ulioungua hutibiwa kwa kisu na pia kwa jinsi anavyotazamwa. Kwa hivyo utabibu wa ndege katika Afrika Mashariki ulianzishwa na watu waliojua uzito wa kovu. Si jambo la kigeni kwetu, wala si la anasa.

Kitui ina watu zaidi ya milioni 1.1 na Makueni karibu 988,000, kwa hesabu ya mwaka wa 2019. Kitui ni pana kiasi kwamba mtu wa Tseikuru na mtu wa Ikutha wanaweza kuishi miaka yote wasionane. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, hospitali hizo zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Makueni ilionyesha kwamba inawezekana kujaribu jambo: mwaka wa 2016 ilianzisha mpango ambapo jamaa moja ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Kila hospitali kubwa ya kaunti hizi mbili iwe na siku moja kwa mwezi ya makovu, ambapo daktari, mtaalamu wa viungo na muuguzi watakaa pamoja. Mtoto aliyeungua asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya kurudi, hata kama kidonda kimefunga vizuri. Madaktari wa upasuaji kutoka Nairobi wanapokuja kwa kambi za tiba, wakute orodha tayari, badala ya tangazo la redio la siku mbili kabla.

Na kwa karani wa bima anayesikia neno kovu akafikiria urembo: bima nyingi huweka kando tiba za kupendezesha, na hilo linaeleweka. Lakini mkono usionyooka si urembo. Msomaji, ukimpeleka jamaa yako, mwombe daktari aandike katika barua kazi ambayo kiungo hicho hakiwezi kufanya: hashiki kalamu, hafungi vifungo, hainui shingo. Barua inayosema tu kwamba ana kovu itawekwa chini ya rundo.

Lipo kovu la aina nyingine ambalo halitokani na jeraha kubwa, nalo linawasumbua hata wasomaji wa Nairobi na Mombasa. Ni keloidi. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na huweza kupungua kwa muda. Keloidi huvuka mipaka. Tundu la hereni lililo dogo kama kichwa cha sindano huzaa uvimbe mkubwa kama zabibu. Chunusi moja kifuani hutambaa kama kaa, na jina lenyewe lilitokana na neno la Kigiriki la kucha za kaa. Huwasha, huuma, na halipungui lenyewe. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na hufuata ukoo. Masikio, kifua, mabega, mgongo wa juu na taya ndiyo makao yake. Si saratani, haliambukizi, wala hukurogwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulikata na kuliacha. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine hurudi kwa nusu ya wagonjwa au zaidi, na mara nyingi hurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa kisu nacho ni jeraha jipya. Hata hivyo bado kuna vyumba vya tiba, mjini na mashambani, ambavyo huchukua pesa, hukata, hushona na kumwambia mgonjwa asirudi ila kutolewa nyuzi. Na kuna wembe wa mganga. Mtu anachanjwa chale ili atolewe ugonjwa, unga mweusi unasuguliwa ndani, na ikiwa ngozi yake ina tabia hiyo, kila chale inakuwa mstari wa keloidi. Simdharau mundu mue, maana watu wetu wana sababu zao za kumwendea. Lakini wembe mmoja ukipita kwa watu wawili, hupitisha virusi vya ukimwi na vya homa ya ini pia.

Tiba ya kwanza ya keloidi ni sindano ya triamsinoloni, inayodungwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa miezi kadhaa. Inauma, nisikufiche. Huweza pia kuacha ngozi ikiwa nyembamba au yenye rangi hafifu mahali hapo. Lakini hupunguza mwasho mapema na hulilainisha kovu. Baadhi ya madaktari huligandisha kwanza kwa baridi kali, wengine huchanganya dawa mbili. Ikibidi kukata, sindano, au kibanio cha kulikandamiza sikio, au miale ndani ya siku chache, iwe imepangwa kabla kisu hakijashikwa. Ukiwa umewahi kupata keloidi, usitoboe tena sikio, na mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote. Wanaume wanaoota vipele vigumu kisogoni wamwambie kinyozi asinyoe hadi kwenye ngozi. Hiyo pia ni jamaa ya tatizo hili.

Karatasi na jeli za silikoni husaidia makovu mapya yasinenepe, mradi zivaliwe saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi kadhaa. Ukizivaa Jumapili peke yake umetupa pesa. Mabaka meusi yanayobaki baada ya chunusi si makovu hata kidogo. Ni rangi tu, na mengi hufifia kwa miezi. Ndiyo maana inaniuma kumwona msichana akiyapaka krimu za kujichubua zenye zebaki au dawa kali, ambazo huiharibu ngozi nzima na hata figo.

Kuna pia nyoka. Katika nchi hii kavu, bafe na swila wanaotema mate huuma wakulima na wachungaji, na sumu yao huoza nyama. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka wa 2017. Anayeumwa akifungwa kamba kwa nguvu juu ya jeraha, au akikatwa kwa wembe ili sumu itoke, huongezewa uharibifu na kovu lake huwa kubwa zaidi. Mguu utulizwe usisogezwe, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Desemba ikifika wengi wenu mtapanda magari kwenda nyumbani, na huenda mtamkuta nyanya ambaye ana kovu la moto la tangu enzi za ujana wake. Mwulize kama limewahi kufunguka tena. Kovu la zamani la moto ambalo hupasuka, likafunga, likapasuka tena, kisha likakataa kupona kwa wiki kadhaa, laweza kugeuka kuwa saratani ya ngozi, hata baada ya miaka 30. Kingo zake huinuka, hutoa harufu, na huvuja damu likiguswa. Dawa ya kupaka haitoshi hapo. Mpeleke hospitali, na usitosheke na kufungwa bendeji. Omba wakate kipande kidogo kikapimwe katika maabara, na uandike namba yako ya simu katika fomu ili majibu yakufikie wewe mwenyewe.